Michoro ya nchi kavu: Mchanga, maji na mimea ya Garissa kama inavyoonekana kutoka angani

KAUNTI ya Garissa haina pwani. Upande wa kusini inaishia kwenye msitu wa Boni, na kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni ardhi ya Kaunti ya Lamu. Hata hivyo, sehemu ya mchanga uliolala kwenye fukwe za Kipini na Ghuba ya Ungwana ilipitia Garissa kwanza, ikibebwa na maji ya Mto Tana, na alama za safari hiyo zimechorwa ardhini kwa maumbo ambayo mtu aliyesimama chini hawezi kuyaona.

Maumbo ya aina hiyo ndiyo kiini cha upigaji picha ulioenea duniani tangu droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, zilipoanza kupatikana kwa bei nafuu katika miaka ya 2010. Kamera huelekezwa chini moja kwa moja, upeo wa macho ukaachwa nje ya picha, na kinachobaki ni mistari, matao, madoa na rangi. Mtazamaji asipoelezwa hujiuliza kama anatazama mchanga, ngozi ya mnyama au kitambaa kilichotiwa rangi. Hii ndiyo sanaa dhahania: picha isiyotaka kutambuliwa upesi.

Wapigapicha wengi wa fani hii hukimbilia baharini. Lakini Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, eneo ambalo hadi mwaka 2013 lilikuwa mkoa mmoja, lina michoro isiyopungua ile ya ufuoni. Tena kuna tofauti moja kubwa. Hapa karibu kila mstari unaoonekana kutoka juu una maana kwa anayeishi chini: huenda ni njia ya ngamia kwenda kisimani, ukingo wa mafuriko ya zamani, au mahali palipokuwa na nyasi ambazo sasa hazipo.

Kabla ya droni

Picha za angani ni kongwe kuliko ndege zenyewe. Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Nadar alipiga ya kwanza mwaka 1858 akiwa ndani ya puto. Nchini Kenya kazi hiyo ilifanywa kwa upana baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakati kikosi nambari 82 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilipotumwa kupiga picha makoloni ya Afrika kwa ajili ya idara ya upimaji iliyoundwa London mwaka 1946. Shabaha ilikuwa ramani, wala hakuna aliyezungumzia sanaa. Hata hivyo picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe zilionyesha mambo ambayo wapimaji waliotembea kwa miguu hawakuwahi kuyaripoti.

Mfano mashuhuri ulitoka upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1950 mwanajiolojia W. A. Macfadyen alichapisha katika jarida la The Geographical Journal maelezo ya michoro ya ajabu aliyoiona kwenye picha za angani za Somalia ya Kiingereza. Nyanda zilizodhaniwa kuwa na vichaka vilivyotapakaa ovyo zilikuwa na mikanda ya mimea iliyofuatana kwa mpangilio, mkanda wa majani na ukanda mtupu, kama milia ya chui milia. Aliyekuwa akipita humo kwa ngamia aliona tu kichaka, kisha uwazi, kisha kichaka tena. Mpangilio wenyewe ulihitaji jicho la juu.

Katika miaka ya 1970 Nairobi ikawa makao ya kazi hii. Mwaka 1975 kilianzishwa huko kituo cha kimataifa cha ramani na rasilimali ambacho leo kinafahamika kwa kifupi cha RCMRD, na wakati huohuo serikali ikaanza kuhesabu mifugo na wanyamapori wa nyanda kame kwa kutumia ndege ndogo. Ni Kenya pia ambako Mfaransa Yann Arthus-Bertrand, aliyekuja kuchunguza simba wa Maasai Mara, alijifunza kurusha puto na kuugundua mtazamo wa juu uliomletea sifa kupitia kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu dunia ionekanavyo kutoka angani.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, katika ghuba ileile inayopokea maji ya Tana. Setilaiti hiyo ilichunguza miali ya nyota, si michanga iliyokuwa chini yake.

Mto unaohama

Mchoro mkubwa kuliko yote mkoani ni Tana wenyewe. Mto huu, mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kusafiri takriban kilomita 1,000. Ukifika Garissa umeshaiacha milima. Mji uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ilhali maji bado yana mamia ya kilomita ya kwenda, na mto usio na mteremko hauendi moja kwa moja.

Hupinda. Kwenye upande wa nje wa kona maji huenda kasi na kula ukingo. Kwenye upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Kona huzidi kujikunja mwaka hadi mwaka mpaka shingo yake inakuwa nyembamba, kisha siku moja ya mafuriko mto huikata shingo hiyo na kuiacha kona ya zamani peke yake, ikiwa na umbo la hilali. Ukitazama kutoka juu utaona hilali hizo kandokando ya Tana kutoka Garissa hadi Masalani na kuendelea: nyingine zina maji, nyingine zimejaa matope, nyingine zimebaki kuwa tao la rangi ya kijani iliyokolea kidogo kuliko jirani zake. Ndani ya kila kona kuna mistari myembamba ya mchanga iliyopangana kama pete za kisiki cha mti. Kila mstari ulikuwa ukingo wa mto wakati wake.

Hapa uzuri wa picha hukutana na jambo zito. Hilali la zamani ni mahali pazuri pa kulima, kwa kuwa udongo wake una rutuba na maji hayako mbali. Ni mahali pazuri pa kujenga pia, kwa sababu ni tambarare. Lakini mto haujasahau njia yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, mafuriko ya 2018, na yale ya mwisho wa 2023 yaliwafurusha watu wa kandokando ya Tana. Mnamo Aprili 2024 maji yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo, watu wakalazimika kuvuka kwa boti, na moja ya boti hizo ikapinduka na kuua abiria kadhaa. Anayelinganisha picha ya angani ya kiangazi na ile ya mafuriko huona maji yakirudi kwenye matao yaleyale.

Mabwawa ya umeme yaliyojengwa sehemu ya juu ya mto, ambayo ni Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yalibadilisha tabia ya Tana. Zamani mto ulifurika mara mbili kwa mwaka na kurutubisha mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma na Wasomali. Sasa mafuriko madogo yamepungua, na sehemu ya mchanga hunaswa nyuma ya kuta. Mafuriko makubwa hayakukoma. Bwawa likishajaa, maji hupita juu yake na kushuka.

Mbali na Tana, kaskazini, kuna mto mwingine ambao hauna hata mlango wa bahari. Ewaso Ng'iro hufia kwenye kinamasi cha Lorian, karibu na Habaswein. Katika miaka ya mvua nyingi maji yake huvuka na kufuata Laga Dera kuelekea Somalia. Miaka mingine yote laga hiyo ni utepe wa mchanga mkavu, wenye miti iliyojipanga pande zote mbili kana kwamba imepandwa na bustani. Miti haijapandwa na mtu. Inafuata maji yaliyo chini ya mchanga.

Mimea iliyojipanga

Ile milia aliyoiona Macfadyen ilichukua miaka mingi kuelezwa. Mvua ya nchi kame hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi. Ardhi tupu iliyopigwa jua hufanya gamba gumu juu yake, na maji hayapenyi. Hutelemka kama shuka nyembamba kwenye mteremko mdogo ambao jicho halioni. Yakikutana na mimea hukwama, kwa kuwa mizizi na wadudu wameulainisha udongo. Mimea ya mbele hunywa na kunenepa, iliyo nyuma hukosa. Hivyo mkanda huundwa, na chini yake ukanda mtupu, kisha mkanda mwingine. Ardhi tupu haikupotea bure: ndiyo inayokusanya maji ya mkanda unaofuata.

Mwaka 1999 mtafiti Christopher Klausmeier alieleza mwenendo huo kwa hesabu katika jarida la Science. Mwaka 2018 watafiti wengine walilinganisha picha za angani za Pembe ya Afrika za miaka ya 1950 na picha za setilaiti za miaka ya karibuni. Kwa jumla mikanda mingi ilikuwa bado ipo na umbo lake halikubadilika sana. Mahali palipopata shughuli nyingi za binadamu palikuwa pamepoteza mimea. Kazi hiyo isingewezekana kama mtu hangezihifadhi picha za zamani.

Kanuni hiyohiyo ya maji kutelemka na kukwama hufanya kazi katika nyanda za Wajir na Garissa, ingawa mara nyingi hutoa madoadoa badala ya milia iliyonyooka. Vichuguu vya mchwa navyo huongeza nukta zao. Huko Laikipia, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vichuguu hupangana kwa umbali unaokaribiana, na kwamba mimea na wanyama wadogo hustawi zaidi karibu navyo.

Rangi ya kijani, lakini, ni shahidi asiyeaminika. Kandokando ya Tana sehemu kubwa ya kijani kilichokolea si malisho bali ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa katika nchi kame za Kenya, ikiwemo Bura, kuzuia jangwa. Umeenea hadi kuziba njia za mifugo na kingo za mto. Picha ya juu huuonyesha kama neema. Mfugaji aliye chini anauona kama ukuta wa miiba.

Njia za mifugo ni mchoro wa aina yake. Kutoka kila kisima, silanga au malka, yaani mahali mifugo inapoteremka mtoni kunywa, njia nyembamba hutawanyika pande zote kama miali ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Karibu na maji ardhi ni nyeupe na tupu kwa kukanyagwa. Mbali kidogo nyasi huanza kurejea. Upana wa duara hilo tupu hueleza mengi kuhusu idadi ya mifugo inayokitegemea kisima kimoja. Na malka iliyozibwa na shamba au ua huonekana mara moja, kwa kuwa njia zote hugonga ua na kugeuka. Ugomvi kati ya wakulima na wafugaji wa Tana umeanza mara nyingi mahali kama hapo.

Twiga sita wa Sabuli

Picha ya angani ya Kaskazini Mashariki iliyotazamwa zaidi duniani haikuwa ya mchanga mtupu. Tarehe 10 Desemba 2021 mpigapicha Ed Ram wa Getty Images alipiga kutoka juu mizoga ya twiga sita karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, Kaunti ya Wajir. Wanyama hao, wakiwa wamedhoofika kwa njaa na kiu, walikuwa wamenasa kwenye tope la silanga lililokaribia kukauka. Mizoga iliondolewa hapo ili isichafue maji yaliyobaki.

Kwa sekunde ya kwanza jicho huona mchoro: shingo ndefu, miguu iliyokunjwa, madoa ya rangi ya kahawia juu ya ardhi ya rangi hiyohiyo. Kisha hutambua ni nini. Mpangilio ule, ambao ungekuwa pambo kwenye picha nyingine, ndio uliofanya habari ya ukame isomwe katika nchi ambazo hazikuwa zimeisikia Wajir. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba mwaka huohuo. Misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na kabla haujaisha, ukame huo ulikuwa umeua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya.

Wapo wanaosema kwamba kupiga maafa kwa ustadi wa sanaa ni kukosa heshima. Hoja hiyo ina uzito pale picha inapouzwa bila maelezo. Ya Sabuli ilitoka na tarehe, jina la kijiji na sababu ya vifo, na hilo huiondoa katika lawama.

Mwisho wa safari ya mchanga

Tana haukumwaga maji yake Kipini siku zote. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto mdogo wa Ozi, na hatimaye mto mkubwa ukaifuata njia hiyo ya mfereji hadi baharini. Delta iliyobaki, ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, ni mchanganyiko wa vijito, mikoko na matuta.

Ufuoni kazi ya kuchora huachiwa upepo na bahari. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi kuliko kaskazi na kuusukuma mchanga mkavu kuwa matuta marefu nyuma ya ufuo, kama yale ya Ungwana na ya Shela kisiwani Lamu. Juu ya kila tuta kuna vijiwimbi ambavyo hubadilika siku kwa siku. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, vijito vidogo vinavyokimbilia baharini huacha umbo la mti wenye matawi. Mti huo huishi saa chache, kisha maji hujaa na kuufuta.

Namna ya kupiga, na ruhusa

Jua ndilo linaloamua. Garissa iko karibu sana na ikweta, na adhuhuri jua husimama utosini. Vivuli hutoweka na ardhi huonekana bapa kama karatasi. Saa moja hadi saa mbili unusu asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni, kivuli cha hata tuta dogo hurefuka na umbo likajitokeza. Asubuhi ni bora zaidi, kwa kuwa upepo na vumbi havijaamka, na betri ambazo kwa kawaida hudumu chini ya nusu saa hazipendi joto la mchana.

Mipaka ya droni lazima ieleweke. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinaiwekea kimo cha futi 400, kama mita 120. Kwa kamera ya kawaida, picha moja kutoka kimo hicho hufunika upana usiofika mita 200. Inatosha kwa kona ya laga, silanga au boma. Haitoshi kwa mikanda ya mimea, ambayo mara nyingi umbali kati ya mmoja na mwingine hupita mita 100. Hapo ni lazima kuunganisha picha nyingi au kutumia setilaiti.

Kanuni hizo husimamiwa na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Zile za awali, za mwaka 2017, zilitupwa na Bunge mwaka uliofuata, na kabla ya 2020 droni zilikuwa zimepigwa marufuku kwa watu wa kawaida kwa miaka kadhaa. Sasa chombo husajiliwa na matumizi ya biashara huhitaji cheti. Ndani ya hifadhi za taifa, idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huhitajika.

Katika Kaskazini Mashariki karatasi hizo pekee hazitoshi. Mji wa Garissa ulipoteza watu 148 katika shambulio la chuo kikuu tarehe 2 Aprili 2015, msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni za kijeshi, na ng'ambo ya mpaka watu wameijua ndege isiyo na rubani kama silaha kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mlio kama wa nyuki juu ya boma huwatia watu hofu na kuwakurupusha ngamia. Anayerusha bila kumwarifu chifu, polisi na wazee wa mahali anajitafutia matatizo, na anawatendea isivyo haki wale walio chini.

Kuna faida nyingine ya kuzungumza na wenyeji kabla. Wafugaji wana jina kwa kila laga na kila bonde, na hukumbuka mwaka maji yalipofika mti fulani. Jina hilo likiandikwa nyuma ya picha pamoja na tarehe, saa na kimo, atakayerudi mahali hapo baada ya miaka 50 atakuwa na kitu cha kulinganisha.